Mlio wa Katikati ya Ziwa

Wiki ileile Oiva Kokko alipofungiwa mashine mpya ya kupasha nyumba joto, ndipo Hilppa Tolvanen alipoanza kusikia mlio. Hakuna ambaye angeweza kumwambia kwamba mambo hayo mawili hayahusiani, maana mashine yenyewe alikuwa akiiona kwa macho yake kila aliposimama kwenye sinki: sanduku jeupe lenye feni, limepachikwa kwenye ukuta wa jirani, upande unaotazama kwake, feni inazunguka mchana kutwa katikati ya theluji ya Januari.

Mlio ulikuwa mwembamba. Haukuwa ngurumo wala mvumo. Ulikuwa kama birika linalotaka kuchemka katika chumba cha mbali, lakini kuchemka halichemki. Hilppa akirudi kutoka kazini alasiri, akivua buti na koti na kukaa na kikombe chake cha kahawa, nyumba ikishatulia tu, unaanza: ngiiii.

"Unausikia?" akamuuliza mumewe.

Tauno alikuwa tarishi wa posta, na masikio yake yalikuwa makali kiasi kwamba mbwa akibweka ng'ambo ya ziwa aliweza kukutajia ni wa nani. Akaweka gazeti chini, akatega sikio kwa heshima zote.

"Nasikia saa ya ukutani," akasema. "Nasikia friji. Nakusikia wewe unavyopumua kwa hasira."

"Na ile mashine ya Oiva?"

"Ile inasema fuuu. Wewe unaniambia habari za ngiii."

"Basi ina fuuu na ngiii."

"Mashine ya bei ghali hiyo," akasema Tauno, akarudi kwenye gazeti lake.

Hilppa hakucheka. Majira hayo ya baridi alikuwa na mambo mengine ya kumnyima raha. Alikuwa mpishi mkuu wa shule, kazi aliyoianza akiwa msichana, na fununu zilikuwa zimeenea kwamba halmashauri inataka kufunga majiko madogo yote na kupika chakula cha shule mahali pamoja, mjini. Jarkko, meneja wa majiko, alikuwa mtu wa kukwepa swali kama samaki anavyokwepa mkono. Ukimuuliza leo, anakwambia mtazungumza mwezi wa tatu. Ukimuuliza kesho, anakusifia supu. Hilppa alikuwa akilala usingizi wa mang'amung'amu, akiamka na taya zimemkaza kama aliyekuwa akitafuna msumari.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya makelele. Bwalo la shule lilikuwa na sakafu ya vigae na dari la zege, na watoto waliingia humo kwa mafungu, wakiburuta viti, wakigonga vijiko, kila mmoja akipaza sauti ili asikiwe na mwenzake ambaye naye alikuwa akipaza sauti. Nyuma ya dirisha la kugawia chakula ilikuwapo mashine ya kuoshea vyombo, jitu la chuma lililovuma na kugongagonga mfululizo, na tangu Desemba mfuniko wake ulikuwa haufungi vizuri. Ukitaka kumwambia mwenzako kitu ilikubidi umshike bega na kumpigia ukelele sikioni. Hilppa na msaidizi wake Lempi walifanya hivyo siku zote bila kuwaza. Jioni wakirudi nyumbani masikio yakivuma kidogo, walisema ni uchovu. Kisha asubuhi yalikuwa yamenyamaza.

Sasa hayakuwa yakinyamaza. Lakini Hilppa hakuwa akiyafikiria masikio. Alikuwa akiifikiria mashine ya Oiva.

Kwanza, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliamua kuisafisha nyumba yake mwenyewe. Aliitoa saa ukutani na kwenda kuizika kwenye kapu la nguo. Mlio ukabaki. Akachomoa friji. Mlio ukabaki. Asubuhi moja kabla ya kwenda kazini akamwita Tauno kwenye ubao wa umeme, akamwambia azime swichi kuu. Wakasimama wawili kwenye ukumbi, wamevaa makoti, mwanga wa theluji ukiingia dirishani, nyumba nzima imekufa ganzi.

"Sasa?" akanong'ona Tauno.

"Upo. Umeona? Hautoki kwetu!" Hilppa alisema kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi, akachukua begi lake, wakatoka mbio maana walikuwa wamechelewa.

Waliporudi alasiri walikuta nyumba baridi na friza imelia machozi mekundu. Beri zote walizochuma majira ya joto zilikuwa zimeyeyuka na kutiririka sakafuni hadi chini ya zulia. Tauno alichukua tambara, akapiga magoti, akasema kwamba kwa kweli sasa hata yeye anaanza kumchukia Oiva, ingawa hajui kwa kosa gani.

Hilppa akavaa tena buti zake, akavuka ua.

Oiva Kokko alikuwa mjane, dereva mstaafu wa lori la kokoto, mwenye nyusi nene zilizomfanya aonekane amekasirika hata akiwa amefurahi. Alikuwa mezani akichonga chambo cha kuvulia samaki. Alipomwona Hilppa mlangoni hakuuliza kuna nini, aliinuka akaweka kahawa motoni, kwa sababu hata ugomvi haukuanzwa bila kahawa.

"Mashine yako inapiga mluzi, Oiva."

"Wimbo gani?"

"Usinifanyie masihara. Siwezi kupumzika nyumbani kwangu."

"Mimi nalala nayo nyumba moja na sijasikia mluzi. Labda inakupigia wewe tu. Ni mashine ya kiume, ile."

"Oiva!"

"Haya, haya." Aliinuka, akachukua rimoti, akaizima. Feni nje ikapunguza mwendo, ikasimama. "Haya, imelala. Kuna nini sasa?"

Hilppa akasikiliza. Uso ukampanda joto. "Bado nausikia."

"Ala! Basi mluzi wako unaenda bila umeme."

"Labda una nyingine bandani."

Oiva akachukua kofia yake na kumpeleka bandani. Mle mlikuwa na pikipiki ya theluji, ngazi, makopo ya rangi, na baiskeli ya marehemu mkewe Helli, imefunikwa shuka safi. Mashine nyingine hakuna. Hilppa alisimama pale akiona aibu, na aibu ikageuka hasira kama inavyokuwa, akamwambia Oiva kwamba mtu anayefunga mashine ukutani bila kumuuliza jirani ni mtu asiye na adabu. Oiva akamjibu kwamba mtu anayepekua banda la mwenzake kutafuta mluzi anahitaji kupimwa. Wakaachana hapo.

Njiani, katikati ya ua, Hilppa akasimama ghafla. Mlio ulikuwa umepanda. Haukuwa tena birika la chumba cha mbali, ulikuwa kama birika lililo mbele ya uso wake. Akageuka akaitazama ile mashine. Feni ilikuwa bado imesimama.

Hilo likamkaa kichwani. Mashine imezimwa, na mlio umezidi. Inawezekanaje? Lakini hakutaka kulifuata wazo hilo lilikokuwa likielekea.

Wiki zikapita bila yeye na Oiva kusalimiana, jambo gumu sana kwa watu wanaokutana kila asubuhi wakikwangua theluji mbele ya malango yanayotazamana. Hilppa akaamua kuupiga mlio kwa silaha yake wenyewe: kelele kwa kelele. Alinunua vifaa vya kusikilizia muziki, akavitumbukiza masikioni na kufungulia nyimbo za dansi la tango, za kodiani, kwa sauti ya juu kabisa huku akipiga pasi na kusokota uzi. Kwa kweli wakati muziki ukilia hakusikia kitu kingine. Ila akivitoa, mlio ulimngoja mlangoni, umenenepa.

Kazini mambo yakawa vilevile. Jarkko akaja na wageni wawili wakaupima upana wa jiko wakinong'onezana. Siku hiyohiyo Lempi aliangusha rundo la trei za chuma kwenye vigae, na ule mshindo ulipita kichwani mwa Hilppa kama shoka. Alimfokea Lempi maneno ambayo hajapata kumfokea mtu, kisha akakaa juu ya gunia la viazi na kulia. Lempi, mwanamke mnene mpole ambaye walikuwa wamepika pamoja tangu zamani, hakukasirika. Alimfutia uso kwa aproni akamuuliza kinachomsibu, na Hilppa akasema: "Jirani yangu." Lilikuwa jibu aliloliamini kabisa.

Aliyevunja ukimya alikuwa Oiva. Jumapili moja ya mwezi wa tatu, asubuhi yenye jua na baridi kavu isiyo na upepo, alibisha hodi amevaa suruali ya kuvulia samaki, keekee ya kutobolea barafu begani.

"Nimechoka kuonekana mwizi," akamwambia Hilppa. "Twende ziwani, mimi na wewe. Katikati kabisa, kule ambako hakuna nguzo ya umeme wala nyumba wala mashine ya mtu. Usipousikia kule, nitaing'oa mashine yangu na kuipachika upande wa msituni. Ukiusikia, utaniletea mikate ya Karelia, ile midogo yenye uji wa wali katikati, unayofinya kingo mwenyewe, si ya dukani."

"Na nani atashuhudia?"

"Mlete Tauno. Tutamfunga kwenye sleji, tumburute nyuma."

Tauno, kutoka sebuleni, akasema kwamba hajaombwa ruhusa lakini anatafuta soksi zake.

Wakaondoka. Pikipiki ya theluji ilikuwa kuukuu, bomba lake la moshi limeoza, na ilinguruma kama mti unaopasuliwa na msumeno usiofika mwisho. Hilppa alikaa nyuma ya Oiva, kofia imemteremka shingoni, masikio nje. Barafu ilipita chini yao, nyeupe, ngumu, na mwambao ukawa mstari mwembamba wa misonobari. Kwenye moyo wa ziwa Oiva akazima injini.

Ukimya ule haukuja polepole, ulianguka. Wakashuka wote watatu. Tauno akajikung'uta theluji. Oiva alimtazama Hilppa, na Hilppa akafumba macho.

Ulikuwapo. Si kuwapo tu. Haujapata kuwa mkubwa kiasi kile tangu uanze. Ulijaa kutoka upande mmoja wa kichwa hadi mwingine, mwembamba na mkali, juu ya ziwa zima. Hilppa akageuka kulia, ukageuka naye. Akageuka kushoto. Akainama kama mtu anayetafuta sarafu, akainuka. Hata alipoziba masikio kwa viganja haukupungua, uliongezeka.

"Upo," akasema hatimaye, na sauti yake ikatoka ndogo. "Nimekuja nao mwenyewe."

Alitegemea Oiva atacheka. Oiva hakucheka. Alikuwa amekunja nyusi zake kama anayejaribu kuelewa swali.

"Huo mlio wako ukoje hasa? Hujawahi kuniambia, umekuwa ukinitukana tu."

"Mwembamba. Wa juu. Hauna kituo, hauvuti pumzi. Ngiiii."

"Aaa!" Oiva akapiga paja lake kwa mkono wenye glavu. "Huo! Mama wee, umenizungusha msimu mzima kwa ajili ya huo? Huo si mlio, Hilppa. Huo ndio ukimya."

"Ukimya gani?"

"Ukimya wenyewe! Kelele zikiisha, kinachobaki ndicho hicho. Hata mimi nausikia sasa hivi. Kila mtu anausikia."

Tauno akakohoa. "Mimi siusikii," akasema.

Wakamgeukia wote wawili.

"Usitutanie," akasema Oiva.

"Sitanii. Kulikuwa na kunguru kule ufukweni, amenyamaza. Theluji ilikuwa ikikatika kidogo chini ya sleji, imetulia. Sasa hamna kitu."

"Hamna kitu, maana yake nini?"

"Maana yake hamna kitu, Oiva. Pametulia tu."

"Hata kwa mbali? Hata kamstari?"

"Hata."

Oiva alikaa polepole juu ya kiti cha pikipiki yake. Hilppa, aliyekuwa bado ana aibu yake mkononi hajui pa kuiweka, akaisahau. Hajapata kumwona mtu mzima akishangaa vile. Haukuwa mshangao wa habari mbaya. Ilikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumbani kwake kuna chumba ambacho hajawahi kukifungua.

"Umeanza kuusikia lini?" akamuuliza, na tayari alikuwa amesogea karibu.

"Sijui. Siku zote." Akafikiri. "Hapana, si siku zote. Jeshini. Niliwekwa kwenye mizinga. Wakati ule hatukupewa vizibo vya masikio, tulijitumbukizia sufu, wengine mkate. Nilipopata likizo ya kwanza nilikuja nikakaa ufukweni pale, penye gati letu. Nikausikia. Nikajiambia, kumbe nimekuwa mtu mzima. Watoto hawajui kusikiliza ukimya, nadhani nilifikiri hivyo. Sasa naujua."

"Na Helli hukumwambia kamwe?"

"Nimwambie nini? Kwamba ukimya unalia? Ningemwambia na kwamba theluji ni nyeupe?"

Tauno alimpa kahawa kutoka kwenye chupa, na Oiva akaishika bila kuinywa. Hilppa naye alikuwa ameanza kuchokonoa jambo jingine.

"Oiva, wako sasa hivi ukoje? Ni sawa na ulipokuwa nyumbani asubuhi, au umepanda?"

"Umepanda sana. Hupanda kila nikishuka kwenye hiki chombo. Nilidhani ni kwa sababu ukimya wa ziwani ni mkubwa kuliko wa nyumbani."

"Na wangu umepanda. Na siku ile bandani nilipokukasirikia ulipanda. Na Lempi alipoangusha trei." Alikuwa akizungumza haraka, mvuke ukimtoka mdomoni. "Si mashine yako. Ni kelele, na ni hasira. Vinaupandisha vyote viwili!"

"Basi mimi sina hatia?"

"Huna. Nisamehe, Oiva. Nilikupekulia banda lako."

"Mikate yangu," akasema Oiva.

"Ya Karelia. Kingo nitafinya mwenyewe."

Hilppa alikataa kurudi kwa pikipiki. Yeye na Tauno wakarudi kwa miguu juu ya barafu, na Oiva akajaza masikio yake sufu aliyoichuna kutoka kwenye kofia, akawapita taratibu kama anayeendesha gari la jeneza.

Kwa daktari walikwenda pamoja, kwa gari la Oiva, kwa sababu Hilppa alikuwa amekwisha mwekea na yeye miadi bila kumuuliza. Mhudumu wa mapokezi aliwadhania mke na mume. "Mungu apishe mbali," alisema Oiva, na Hilppa akasema hilohilo kwa wakati mmoja.

Mpimaji wa masikio alikuwa binti mmoja aitwaye Minttu, mwenye mikono ya baridi na subira nyingi. Alimwingiza Hilppa kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, akamvika vipokea sauti, akamwambia abonyeze kitufe kila asikiapo sauti hata ikiwa hafifu. Baadaye akafanya jambo ambalo Hilppa hakulitegemea.

"Sasa tutautafuta wa kwako," akasema. "Nitakupigia milio, nawe utaniambia wako uko juu zaidi au chini zaidi."

Ikawa kama kutafuta ufunguo gizani. Juu. Juu zaidi. Umepita, shuka. Kidogo tu. Na ghafla mlio uliokuwa ndani ukatoka nje na kumjia kutoka kwenye kipokea sauti, ule ule, hadi Hilppa akaruka kitini.

"Huo! Mshike, mshike huyo!"

Minttu akacheka. Hilppa alikuwa na machozi. Kwa miezi yote ile alikuwa peke yake nao, na sasa mtu mwingine alikuwa ameusikia.

Alipomaliza na Oiva, Minttu aliwakalisha wote wawili. Aliwaeleza kwamba ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti, na kelele kubwa huvilaza kama upepo unavyolaza nyasi. Vingine huinuka, vingine haviinuki tena. "Tunavyodhani ni kwamba ubongo ukikosa habari kutoka upande huo, unajiongezea sauti. Ni kama mtu anayetafuta kituo cha redio kilichofungwa: anazungusha kitufe hadi mwisho, na anachopata ni mlio. Lakini yapo mengi ambayo bado hatuyajui."

"Na hasira?" akauliza Hilppa. "Hasira haina kelele. Kwa nini inaupandisha?"

"Ukiwa na hofu au hasira, au hujalala, mwili unakaa chonjo. Mwili ukiwa chonjo, masikio nayo huwa chonjo. Wewe umeuchukulia mlio kama mwizi, kwa hiyo ubongo wako unamvizia kutwa. Kadiri unavyomvizia ndivyo unavyomsikia akitembea. Yeye," akamwelekezea Oiva kidole, "masikio yake yameumia kuliko yako, lakini hajawahi kuuogopa. Ndiyo maana amekaa nao bila shida."

Oiva akajitanua kitini. "Naona mimi ni mfano wa kuigwa."

"Kwa hilo tu," akasema Hilppa. "Utaondoka, binti?"

"Kuuondoa kabisa siwezi kukuahidi. Kurudi nyuma, ndiyo, kwa watu wengi hurudi nyuma. Penye kelele kubwa vaa vikinga masikio. Penye sauti za kawaida usijizibe, na usijifungie kwenye ukimya mtupu, maana humo utautafuta. Fungua redio chini kabisa. Muziki wa kukupasua kichwa, hapana."

Hilppa alikuwa na maswali mengine mengi, kuhusu kahawa, kuhusu usingizi, kuhusu iwapo wanyama nao wanasikia mlio, hadi mgonjwa aliyefuata akachungulia mlangoni. Nje kwenye maegesho walilinganisha milio yao. Wa Oiva ulikuwa wa chini kidogo kuliko wa Hilppa, na jambo hilo Oiva alilichukulia kama cheo.

Tangu siku hiyo Hilppa akawa mtu wa kuchunguza. Alivaa vikinga masikio kila mashine ya vyombo ilipowashwa, akamvisha na Lempi, akatandika mpira chini ya trei, na pamoja na mlinzi wa shule akagandisha vipande vya sufu kwenye miguu ya viti vya bwalo. Alikuwa akijitazama: leo umepanda, kwa nini? Jarkko amepita. Leo umeshuka, kwa nini? Nimelala. Na akawa anauliza watu. Lempi alikiri kwamba naye ana wake, kama nzi ndani ya chupa, tangu mwaka juzi. Hakusema kwa kuogopa kuonekana hamnazo. Mwalimu wa useremala alikuwa na wawili, mmoja kila sikio. Padri alikuwa na wa kushoto. Ikawa kila anayemuuliza ama anamshangaa, ama anashusha sauti na kusogeza kiti.

Halmashauri ilitoa uamuzi mwezi wa nne: jiko lingefungwa muhula wa masomo ukiisha. Jarkko alikuja kusema hivyo mwenyewe, akitazama sakafu. Lempi alipelekwa jiko la mjini, Hilppa akapewa jiko dogo la nyumba ya wazee, karibu na kanisa. Siku ile mlio ulipanda ukajaa kichwa kizima, ingawa hakukuwa na kelele popote, jikoni mmetulia na supu ya njegere inatokota taratibu. Hilppa alikaa juu ya lile gunia la viazi. Alihuzunika, lakini hakuogopa. Alijisemea: umepanda kwa sababu nimeumia, na utashuka. Ulichukua siku kadhaa. Ulishuka.

Mwezi wa tano barafu ikavunjika, na Jumamosi moja Oiva akaja kuoga mvuke kwenye sauna ya Hilppa na Tauno, kama alivyokuwa akifanya zamani Helli alipokuwa hai. Baada ya mvuke walikaa wote watatu kwenye ngazi za gati, wamejifunga taulo, jua bado liko juu ingawa ilikuwa jioni. Mikate ya Karelia ilikuwa kwenye sahani katikati. Oiva alikula mmoja, akala wa pili, akawa anazungusha wa tatu mkononi bila kuula.

"Tauno," akasema. "Kuna kitu nataka kukuuliza, na usinicheke."

"Uliza."

"Ukimya ukoje?"

Tauno hakucheka. Alifikiri, midomo ikimcheza. "Ni kama ziwa likitulia," akaanza.

"Hilo ni la kuona. Nakuuliza la kusikia."

"Ni... ngoja." Akajaribu tena, akaacha. Akakuna goti. "Unajua zamu ikiisha, nikishusha lile begi la barua? Kwa muda kidogo bega linakuwa jepesi. Halafu unasahau kwamba una bega. Nadhani ndivyo ulivyo. Hukai ukasema, ah, ukimya. Unasahau tu kwamba una masikio."

Oiva akalitafakari hilo akitazama maji. Hilppa alimtazama pembeni.

"Inakusikitisha?" akamuuliza.

"Kidogo. Sijui. Nimekaa nao miaka mingi kuliko niliyokaa na Helli. Leo ukiondoka nadhani nitauulizia." Akauma mkate. "Lakini ningependa kuonja mara moja. Alasiri moja tu."

"Nami ningependa kuonja wenu," akasema Tauno. "Mnazungumza juu yake kila siku kama mtu wa ukoo, na mimi sijawahi kumwona. Hebu niimbieni."

"Hauimbiki," akasema Hilppa.

"Jaribuni."

Wakajaribu. Hilppa aliukaza mdomo na kutoa sauti nyembamba kupitia puani, akashindwa kufika ulikokuwa, akajaribu tena juu zaidi. Oiva akaanza wake, wa chini, wenye mikwaruzo, akamwambia Hilppa anakosea, wake hauko hivyo, yeye alikuwapo walipolinganisha kule maegeshoni. Hilppa akamwambia afunge mdomo asikilize wa kwake mwenyewe. Kisha wakatulia, wakavuta pumzi, wakaitoa milio yote miwili pamoja, mmoja juu mmoja chini, macho yamefumbwa, nyuso zimewaiva kwa mvuke.

Tauno alisikiliza, taulo kiunoni, kichwa amekiinamisha. Bata mmoja majini aliacha kula akawatazama.

"Mbona mzuri," akasema.